Naomba ushauri: majina hayalingani, nataka kufungua TFSA Kanada

Wakuu, naomba msaada wa wanaoishi Kanada. TFSA ndiyo ile akaunti ya akiba ambayo faida yake haitozwi kodi. Masharti yanaeleweka: umri wa miaka 18 (kwenye majimbo kama British Columbia na Nova Scotia utasubiri 19, ingawa kiwango cha fedha unachoruhusiwa kuweka kinahesabiwa tangu 18), uwe mkazi kikodi, na uwe na SIN iliyo hai, yaani namba ya serikali ya kukutambulisha kwa kazi na kodi.

Kinachonikwamisha ni majina. Pasipoti ina majina matatu, SIN ina mawili, na jina la babu limewekwa mahali pa jina la ukoo. Benki hupeleka taarifa zako CRA, yaani mamlaka ya kodi, ili akaunti isajiliwe. SIN au tarehe ya kuzaliwa zikikosewa, usajili unaweza kukataliwa, na faida yote inabidi uitangaze kwenye ritani ya kodi. Hapo maana yote ya TFSA imepotea.

Tena SIN yangu inaanza na 9, kwa hiyo muda wake unakwisha pamoja na kibali cha kuishi. Ukipata ukazi wa kudumu unapewa namba mpya kabisa.

Je, nianze kurekebisha jina Service Canada, yaani ofisi ya serikali inayotoa SIN, kisha CRA, ndipo niende benki? Au nifungue sasa kwa jina lililo kwenye SIN? Na waliobadilishiwa namba, benki iliwadai karatasi gani? Anayejua kwa uhakika anisaidie tafadhali.