Naomba ushauri: video yangu imekatwa, maana imegeuzwa

Habari zenu ndugu zangu. Mimi ni muuguzi. Nilirekodi video nikisema: “Wapo wanaodai ukijisikia nafuu, acha dawa za presha. Hilo ni kosa, mtu anaweza kupata kiharusi.” Kuna aliyeikata, akabakiza tu “ukijisikia nafuu, acha dawa za presha”. Inasambaa, na sauti ni yangu kweli, hapo ndipo ninapoumia.

Nimeripoti mara mbili kwa mtandao inakosambaa, kama habari za uongo. Jibu: haivunji kanuni. Aliyeiweka nimemwandikia, kaninyamazia. Video nzima ninayo, na tarehe yake.

Najua Twitter mwaka 2020 ilitangaza kuangalia mambo matatu: kama video imebadilishwa, kama inasambazwa kwa njia ya kudanganya, na kama inaweza kuleta madhara. Mtandao huu ni mwingine, na nahisi wanatafuta sura za kutengenezwa na akili mnemba, si mkato wa kawaida kama huu.

Niripoti upya kwa kipengele kipi: madhara ya kiafya, au hakimiliki kwa kuwa video ni yangu? Na nikiweka ile nzima kando ya iliyokatwa, sitaisambaza zaidi? Naogopa mgonjwa ataiamini.