Maktaba isiyohitaji intaneti kwa skuli za Pemba: tuanzie wapi?

Mwenye swali, Unguja

Assalamu alaykum ndugu zangu. Sisi ni vijana saba tunaojitolea, wengi wetu tumemaliza masomo ya ualimu, na kwa mwaka mzima tumekuwa tukichangishana ili tupeleke maktaba ya kidijitali katika skuli mbili za Pemba, moja ikiwa kwenye kisiwa kidogo kinachofikiwa kwa mashua kutoka upande wa Mkoani. Kifaa tulichokikusudia ni kompyuta ndogo ya Raspberry Pi, ambayo hutosha kiganjani, iliyotiwa Kolibri, yaani programu ya masomo isiyohitaji intaneti, pamoja na Wikipedia ya Kiswahili kupitia Kiwix, programu ya kusomea Wikipedia bila ya intaneti. Ikiwashwa hutoa mawimbi yake yenyewe ya Wi-Fi, na mwanafunzi mwenye kishikwambi husoma na kutazama masomo bila ya intaneti hata chembe. Tumeshapata vishikwambi ishirini vilivyokwisha kutumika, vyote vizima.

Linalonitia wasiwasi ni hili. Katika skuli moja hapa Unguja kililetwa kisanduku cha namna hii kwa shangwe na picha nyingi, na nilipokwenda baada ya miaka miwili nilikikuta kabatini kikiwa bado ndani ya plastiki yake. Ufunguo wa kabati ulikuwa umeondoka na mwalimu aliyehamishwa, ikabidi kitasa kivunjwe mbele yangu. Naomba wenye uzoefu wanieleze kuhusu umeme, kuhusu lugha ya masomo, na hasa kuhusu nani akabidhiwe.

Fundi, Wete

Waalaykumu salaam. Nianze na umeme, maana hapo ndipo wengi wanapokosea hesabu. Tangu 2010 Pemba tunapata umeme kwa waya uliopita chini ya bahari kutoka Tanga, na hali ni bora kuliko zama za majenereta ya kituo cha umeme cha Wesha, lakini kuwa na nguzo kijijini si sawa na kuwa na soketi inayofanya kazi darasani. Kwa skuli yenu ya kisiwani jipangieni sola tangu mwanzo.

Watu huihofia kompyuta yenyewe, ilhali hiyo haili kitu: pamoja na ruta yake haizidi wati 15 hivi, yaani kwa saa tano za masomo ni wati-saa 75. Mzigo mkubwa ni vishikwambi. Betri ya kishikwambi kimoja hubeba takriban wati-saa 20, kwa hiyo vyote ishirini vinataka 400, na ukiongeza zile 75 za kompyuta na umeme unaopotea njiani unapita 500 kwa siku. Paneli ya wati 50, ambayo ndiyo hununuliwa kwa sababu ni rahisi, haitaweza, na wakati wa masika haitafika hata nusu. Nunueni paneli ya wati 200, au punguzeni vishikwambi na mvichaji kwa zamu.

La pili ni kadi ya kumbukumbu. Umeme ukikatika ghafla wakati kompyuta inaandika, kadi huharibika na kifaa hakiwaki tena; hapo mwalimu huamini kwamba kimekufa, kumbe ni kadi tu. Nakilini kadi ya akiba kwa kila skuli, muiweke ndani ya bahasha iliyoandikwa kwa kalamu ya wino mzito, na mumfundishe mwalimu kuibadilisha kwa mikono yake huku nyinyi mkitazama bila ya kumgusia. Angalieni pia saa: Raspberry Pi nyingi hazina betri ya kutunza saa, na pasipo intaneti tarehe hupotea kila zinapozimwa, hivyo kumbukumbu za maendeleo ya wanafunzi katika Kolibri huchanganyika. Kuna kisaa kidogo chenye betri ya duara kinachochomekwa pembeni, na bei yake si ya kutisha. Chumvi ya bahari nayo hugeuza tundu za chaji kuwa kijani ndani ya miezi michache, kwa hiyo chukueni nyaya za akiba.

Mwalimu wa sayansi, Micheweni

Namshukuru fundi kwa maelezo yake. Mimi nazungumzia darasa, kwa sababu nimetumia kifaa kama hicho na darasa la sita.

Siku ya somo la moyo niliwaweka watoto watatu kwa kishikwambi kimoja, nikawaonesha video ya Kiswahili. Binti mmoja aliyekaa nyuma akaweka kiganja kifuani, akawa anahesabu kimya kimya, kisha akauliza kwa nini moyo wa kwenye video unapiga polepole kuliko wake. Nilizima video. Tulitumia muda wote uliobaki kuhesabu mapigo, kwanza tukiwa tumekaa, kisha baada ya kukimbia hadi kwenye mwembe na kurudi, na hesabu zikaandikwa ubaoni kwa jina la kila mtoto. Kifaa kilifanya kazi yake kwa dakika nne tu, na dakika hizo zilitosha.

Kuhusu lugha, Sera ya Elimu ya Zanzibar ya 2006 iliagiza Hisabati na Sayansi zifundishwe kwa Kiingereza kuanzia darasa la tano, na wengi wetu tunajua mtoto anavyonyamaza anapofika hapo. Masomo ya Khan Academy, shirika linalotoa masomo ya bure mtandaoni, yaliyotafsiriwa kwa Kiswahili yamo ndani ya Kolibri. Mimi huanza nayo, kisha naandika ubaoni istilahi za Kiswahili na za Kiingereza sambamba, ndipo wanapofungua kitabu. Msipeleke ya Kiingereza peke yake kwa kisingizio cha mtihani.

Ila masomo hayo hayakupangwa kwa silabasi yetu. Mkimwachia mwalimu maelfu ya video atachoka siku ya kwanza. Kaeni naye, mumchagulie video mbili au tatu kwa kila mada ya muhula mmoja, muziweke katika sehemu ya Kolibri ya kupanga masomo ya darasa. Kwa mafunzo tumieni vituo vya walimu, kama cha Michakaeni au cha Mitiulaya, ambako walimu wa skuli jirani hukutana. Mwalimu akikwama atamuuliza mwenzake wa karibu kabla ya kumpigia mtu wa Unguja.

Mjumbe wa kamati ya skuli, Mkoani

Ninaongeza machache. Piteni kwanza Wizara ya Elimu, kisha kwa sheha, yaani kiongozi wa serikali wa eneo, ndipo mwende skuli. Msimkabidhi mwalimu mkuu peke yake: funguo ziwe mbili, moja kwa mwalimu anayefundisha kwa kifaa na nyingine kwa mjumbe wa kamati ambaye ni mkaazi wa hapo, kwa sababu mwalimu huhamishwa na mkaazi habanduki. Pia msije wakati wa mavuno ya karafuu, mtakuta madawati matupu.

Mwenye swali, Unguja

Nawashukuru sana. Tumekaa jana usiku, na tumekubaliana kuanza na vishikwambi kumi na kuzielekeza fedha zilizobaki kwenye paneli na kadi za akiba. Safari ya kwanza itakuwa ya kukaa na walimu tu, bila ya kifaa chochote. Je, kadi ya GB 128 itatosha?

Fundi, Wete

Itatosha, mradi msiitie Wikipedia nzima ya Kiingereza yenye picha, ambayo peke yake inazidi GB 100. Ya Kiswahili ni ndogo sana. Na mtakapoleta betri, ulizeni saa ya maji kujaa kabla ya kupakia. Siku za bamvua maji hupwa mbali, mashua hukwama nje, na betri mtaibeba kichwani huku maji yakiwa kiunoni.