Naomba ushauri: skuta kwenye mteremko wa Kibosho

Habari zenu wakuu. Natumia skuta otomatiki ya cc 125, tairi za inchi 10, kushuka Kibosho hadi Moshi mjini. Shida ni mteremko, hasa mvua ikinyesha. Haina gia za kupunguza kwa mkono ili injini isaidie zaidi kuizuia, kwa hiyo karibu kazi yote ni ya breki, na ya nyuma ni ya dramu (viatu vinabana ndani ya ngoma ya gurudumu). Nikifika chini breki hiyo inanuka kuungua na leva yake imelegea. Fundi kafunga breki mpya na kukaza waya, bado hali ni ileile. (Bodaboda wananipita wakicheka, sawa tu.)

Je, breki ya mbele na ya nyuma nizikamateje kwenye lami yenye tope? Na tairi gani za saizi hiyo zinashika vizuri palipolowa, Moshi zipo au mpaka Arusha?