Mafuta mgando ya kuokea: niagize mwenyewe Malaysia, nipitishe Namanga, au nichukue Dar?

MwokajiNzuguni
Mbukwenyi wakuu. Naoka mikate hapa Nzuguni, Dodoma, na wenzangu wa maandazi na keki huwa nawauzia mafuta mgando. Sasa nataka kuongeza mzigo. Naona njia tatu: kontena la futi 20 kutoka Malaysia kwa jina langu, fuso kutoka kiwandani Kenya kupitia Namanga, Babati na Kondoa, au kuchukua kwa mwagizaji wa Dar. Bei ya Malaysia inanivutia mno. Ipi haina mlolongo mrefu wa TRA (kodi) na TBS (viwango)?

Forodha_Kurasini
Mkuu, bei weka pembeni kwanza. Mafuta yako yanaingia namba gani ya ushuru? Yaliyogandishwa kwa haidrojeni bila kuandaliwa zaidi ni 1516. Majarini na michanganyiko iliyoandaliwa kwa kuokea ni 1517. Muuzaji akiandika tu "mafuta ya mimea" kwenye ankara, mtabishana na afisa huku kontena linahesabiwa siku. Dai karatasi ya vipimo kutoka kiwandani, kisha omba TRA uamuzi wa awali kabla hujatuma hela.

Viwango vya EAC tangu Julai 2022 ni 0, 10, 25 na 35%, ila mafuta ya kula Tanzania huyagusa mara kwa mara kwenye bajeti, kwa hiyo soma Gazeti la EAC (tangazo rasmi la viwango) la mwaka huu wa fedha. Tuseme umeangukia 35%. Mzigo wa CIF (bei pamoja na bima na usafiri hadi bandarini) milioni 100: ushuru milioni 35, halafu VAT 18% inapigwa kwenye milioni 135, yaani milioni 24.3. Hapo hujalipa tozo ya reli, wakala, wala bandari kavu. Bado bei inakuvutia?

Mama_Maabara
Na TBS je? Chakula kilihamia kwao mwaka 2019 kutoka iliyokuwa TFDA (mamlaka ya chakula na dawa), kwa hiyo usipoteze muda kubisha hodi TMDA, waliobaki na dawa na vifaa tiba. Ukiagiza kwa jina lako, usajili wa bidhaa ni wako na usajili wa ghala ni wako. CoC (cheti cha kukidhi viwango) itoke kabla meli haijapakia. Ikikosekana, mzigo unakaguliwa hapa, adhabu juu.

Mimi ningetazama zaidi hali ya mafuta yenyewe. Codex (viwango vya chakula vya kimataifa) inataka peroksaidi, yaani kipimo cha mafuta kuanza kuharibika, ya mafuta yaliyosafishwa isizidi 10, nayo hupanda mafuta yakikaa kwenye joto na hewa. Cheti cha maabara kiwe cha toleo lile lile linalopakiwa, si la mwaka jana. Majarini iwe na mafuta asilimia 80 kwenda juu. Chini ya hapo jina la majarini halifai kwenye lebo. Suala la kuongeza vitamini A (kiwango cha Afrika Mashariki EAS 769) waulize TBS mapema kama mgando wako unahusika.

Alizeti_Kizota
Dodoma na Singida tumejaa alizeti, nyie mnawaza Malaysia 😀

MwokajiNzuguni
Alizeti naikaangia maandazi, mkuu. Keki inataka mafuta yanayoshika hewa ukiyapiga na sukari. Ya maji hayafanyi hivyo.

FusoLaKondoa
Namanga ni rahisi kwa mtaji mdogo. Ukiwa na cheti cha uasili cha EAC, ushuru wa forodha ni sifuri, ingawa VAT iko palepale. Alama ya ubora ya Kenya nayo inatambulika kwa sheria ya EAC ya 2006. Tatizo ni kwamba Kenya nao wanaagiza mawese ghafi kutoka Asia, kwa hiyo si kila katoni ya Nairobi inahesabika kuwa ya Kenya. Kiwanda kikuoneshe cheti cha bidhaa hiyohiyo. Wakikujibu "tutakitafuta", achana nao.

Forodha_Kurasini
Naafiki. Kontena la kwanza la mtu asiye na usajili wowote ni kujitafutia presha. Mwaka huu nunua Dar, na udai nakala ya CoC na nyaraka za kutolea mzigo, namba ya toleo ilingane na ya kwenye katoni. Huku usajili wako wa TBS uendelee taratibu. Malaysia ije baadaye, ukishajua unamaliza tani ngapi kwa mwezi.

Mama_Maabara
Dar sawa, ila fungua katoni mbili tatu na unuse kabla ya kulipa.

MwokajiNzuguni
Malaysia nimeiweka kando. Kesho naenda TBS kuanza na ghala, na kiwanda cha Kenya nimeshakiandikia kuhusu cheti cha uasili. FusoLaKondoa, ukitoka Arusha huwa unarudi mtupu? Njoo inbox tuongee nauli.