"Wananchi walihamasishwa": je, neno hili lifutwe katika kumbukumbu za baraza?

MWALIMU, MVITA: Nasema lifutwe. Kuhamasisha ni kumtia mtu hamasa apate moyo wa kutenda. Kifungu cha 10 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinataka wananchi washirikishwe, na aliyetiwa hamasa bado hajaulizwa kitu. Karani wa kikao cha maoni ya umma achague kitenzi kwa kilichotendeka. Afisa akitaja faida na madhara, ameeleza. Akishauri kwa maslahi ya msikilizaji, amenasihi. Akitoa hoja ili watu waelekee upande wake, ameshawishi. Akirudiarudia kwa sauti laini, amerai au amebembeleza. Akisema asiyetia saini hatapata fidia, ameshinikiza, na iandikwe hivyohivyo bila kupambwa.

MKALIMANI, CHANGAMWE: Mwalimu, hapo kwenye "kushawishi" sikubaliani nawe. Gazetini "mtu mwenye ushawishi" ni sifa, lakini vishawishi ni vya shetani, na wazee wengi wa pwani hulisikia neno kwa sikio hilo. Andika "afisa aliwashawishi wazee wa Mji wa Kale", watasoma kwamba walipotoshwa, na afisa naye atakataa kutia saini. "Alitoa hoja" inatosha. Hata kuhamasisha kuna mahali pake: chanjo ya polio, au kuzibua mitaro kabla ya masika. Pale jambo limeshakubaliwa, kinachotakiwa ni watu wajitokeze. Kosa ni kulipeleka neno hilo kwenye jambo ambalo bado linaamuliwa.

KARANI, LIKONI: Nyote mmeshikilia kitenzi, na kitenzi peke yake hakitoshi. "Aliwarai" hakisemi kama walikubali. "Aliwarai, wakakataa" ni Kiswahili safi kabisa. Sentensi ya kumbukumbu iseme nani alizungumza, alisema nini, kwa njia gani, na akajibiwa nini. Kwa mfano: "Afisa alionyesha ramani ya barabara na kuomba wakazi waridhie. Wakazi waliuliza maji ya mvua yatapita wapi. Hawakujibiwa, na hawakuafiki." Hapo hata asiyekuwepo anaelewa.

Na zile bahasha za pesa wanazopewa wanaohudhuria, zikiitwa nauli? Msiandike "walirubuniwa". Hiyo ni hukumu, na karani si hakimu. Kuhonga nako kuna uzito wa kisheria: kwa mfano, katika uchaguzi, chini ya Sheria ya Makosa ya Uchaguzi ya 2016, mtoaji na mpiga kura anayepokea wote wana hatia. Andika kiasi na wakati: "kila aliyehudhuria alipewa shilingi 500 kabla ya kuinua mikono." Kama zilitolewa baada ya kikao, sema baada. Tofauti hiyo ndogo ndiyo wakili ataitafuta.

MWALIMU, MVITA: La bahasha nakubali. La kushawishi bado nakataa, kwa sababu "alitoa hoja" inamsitiri afisa aliyetaja faida tu akayanyamazia madhara. Huko ni kumpaka mtu mafuta kwa mgongo wa chupa.

KARANI, LIKONI: Basi liandikwe lililonyamazwa: "hakutaja madhara". Kubwa zaidi ni karatasi. Ya mahudhurio na ya maoni zisiwe moja, kwani saini ya kufika hugeuzwa saini ya kukubali. Na kumbukumbu zisomwe kwa sauti kabla watu hawajatawanyika, anayepinga neno apinge papo hapo.

MKALIMANI, CHANGAMWE: Na pingamizi lake liingizwe kwa maneno yake mwenyewe, kwa lahaja yake, lisisanifishwe.