Pawa saplai haitoi volti hata nikituma VOLT 5

sakiti_tupu: Wakuu nina pawa saplai ya maabara nimeichomeka kwenye kompyuta kwa RS-232 (kebo ya mawasiliano ya serial), natuma amri ya VOLT 5 haipigi hata kelele ila kwenye mita nasoma 0 tu, shida nini?

waya_mwekundu: VOLT inapanga kiwango tu mkuu, haiwashi kitu. Anza na CURR 0.5 (kikomo cha ampia 0.5) usije ukaunguza bodi, halafu OUTP ON kuwasha umeme utoke, ndo upime kwa MEAS:VOLT?

mzee_wa_mita: Na kila amri imalizie na alama ya mstari mpya, bila hiyo mashine inasubiri tu. Pawa saplai ya HP E3631A kwa RS-232 inataka SYST:REM kwanza, yaani ikubali kuongozwa na kompyuta.

sakiti_tupu: OUTP ON imewasha, asanteni. Mbona VOLTA 5 inaikataa sasa?

waya_mwekundu: SCPI, yaani lugha ya hizi amri, inataka kifupi VOLT au kirefu VOLTAGE, hapo katikati hapana. Uliza SYST:ERR? itakupa -113, yaani amri haiijui.