MJADALA: Vyuo vya kati vipime kama mwanachuo anaiweza kazi, au GPA (wastani wa maksi) inatosha?

Wakuu salama? Naomba hili tulijadili kwa uwazi maana linagusa watoto wetu na hela zetu. Mimi ni mkufunzi wa uhasibu kwenye chuo cha kati hapa Dar, na idarani kwetu kuna mvutano. Uongozi unataka tuanzishe mpango wa kupima matokeo ya kujifunza, yaani mtu akimaliza kozi tuwe na ushahidi kwamba yale tuliyoandika kwenye mtaala kuwa atayaweza kweli anayaweza. Nusu ya wenzangu wanasema hayo ni makaratasi mengine, kwani mitihani tunayotunga kila semista inapima nini? Mimi nasema tupime, tena tumechelewa, ila mpango ukishakuwa wa kukaguana na kuhukumiana utakufa mapema sana.

Kwanza tuelewane, hakuna kitu kigeni hapa. NACTE, baraza linalosimamia vyuo vya kati, ilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1997, siku hizi ndo NACTVET baada ya kuongezewa na usimamizi wa ufundi stadi, na mitaala ya ngazi ya 4 mpaka 6, yaani cheti mpaka diploma, imekaa kwa mtindo wa umahiri. Fungua moduli yoyote utakuta imeandikwa mwanachuo ataweza hiki, ataweza kile. Shida ni kwamba chuo kikishapata ithibati lile buku linarudi kabatini na sisi tunaendelea na kozi weki na mtihani, tunajumlisha, inatoka B, tunahamia semista nyingine.

Sasa B inasema nini? Ndani ya hiyo B kuna testi mbili, kuna asainimenti ya kundi ambayo wawili wamefanya na sita wameandika majina tu, na kuna mtihani ambao aliyepitia pasti pepa vizuri anaushinda. Ukiniuliza huyu wa B anajua nini na kakwama wapi, siwezi kukujibu kwa kuiangalia hiyo herufi, na wewe mkufunzi mwenzangu pia huwezi.

Nitoe mfano. Nilienda kumkagua mwanachuo wetu yuko fildi, yaani mafunzo kwa vitendo, duka la vifaa vya umeme Kariakoo. Darasani alikuwa na B+. Mwenye duka kampa taarifa ya benki ya mwezi mzima, daftari la fedha, na mfuko umejaa risiti, zingine za EFD zimeshafifia hata tarehe haisomeki. Daftari linasema 2,463,500, benki inasema 2,450,000. Kijana kachora jedwali safi kabisa la kulinganisha daftari na benki, hundi ambazo hazijafika benki zina mahali pake, hela zilizo njiani zina mahali pake, halafu kakaa anaiangalia ile tofauti ya 13,500. Ilikuwa ni makato ya benki tu, ada ya mwezi na makato ya kuhamisha hela kwenda kwenye simu, yote yapo kwenye taarifa ya benki aliyoishika mkononi. Hakuyatafuta. Na nikajiuliza kwa nini hakuyatafuta, jibu lipo kwenye mitihani yetu: swali huwa linamwambia kabisa kwamba benki imekata kiasi fulani na hakijaandikwa kwenye daftari. Kazi yenyewe ya mhasibu ni kukigundua hicho kiasi, na sisi tunamfanyia, halafu tunampa maksi za kupanga namba.

Ndo maana napendekeza hivi. Kila kozi ichague matokeo mawili tu kwa mwaka, sio yote arobaini. Mwanachuo apewe kazi iliyokaa kama ya dukani, karatasi zimechanganyika, hajaambiwa pa kuanzia. Zikishakusanywa tuchague ishirini kwa kura, tufute majina, kila moja isomwe na wakufunzi wawili ambao hawajaongea, kwa vigezo vilevile. Mfano kwenye hii ya benki: wa chini hajaiona tofauti, anayefuata kaiona ila hajui imetokea wapi, anayefuata kapata chanzo na karekebisha daftari, na wa juu kabisa anaweza kumweleza mwenye duka akaelewa. Wakufunzi wakitofautiana sana wakae waongee, na hapo ndo penye faida kubwa kuliko hata hizo namba, maana utashangaa watu wawili wanafundisha moduli moja na kila mmoja ana picha yake ya mtu aliyeiva. Halafu idara ikubaliane kubadilisha kitu kimoja kwenye ufundishaji, mwakani tupime tena kilekile tuone kama kimesogea.

Na matokeo yasiguse mkataba wa mtu yeyote. Hapa ndo nagombana na uongozi wangu. Angalieni Marekani, vile vyuo vyao vya jamii vya miaka miwili, ambavyo chimbuko lake ni Joliet kule Illinois mwaka 1901. California bodi yao ya ithibati, ACCJC, iliweka sharti la matokeo ya kujifunza kwenye viwango vyake vya mwaka 2002, na mvutano mkubwa wa walimu ulikuja kwenye kutumia matokeo hayo kumtathmini mwalimu. Ni rahisi kuelewa, mtu akijua namba zitamrudia atatoa kazi nyepesi. Halafu kuna Alverno, chuo cha wanawake kule Milwaukee, kilipanga masomo yake yote kwa uwezo tangu 1973, na huwa kinaita watu wa nje, wafanyakazi na wafanyabiashara, wakae kama wapimaji. Kwa nini sisi tusimwite yule mwenye duka wa Kariakoo? Anajua mhasibu anayemtaka.

Karibuni, hata mnaopinga.

Mkufunzi wa muda, Mbagala: Mkuu hoja nzuri ila nani atalipa? Mimi nafundisha vyuo vitatu, nalipwa kwa saa za darasani, darasa moja lina watu tisini. Hivyo vikao vya kusoma kazi mara mbili mbili nitavifanya saa ngapi, usiku kwenye daladala? Nyie wa kudumu mtapanga halafu sisi ndo tutajaza.

Mleta mada: Uko sahihi na sitaki kulizunguka hilo. Saa za kusoma kazi zilipwe kama saa za darasani, na chuo kikisema hakina hela basi kisianze, maana kazi ya bure itafanywa kibure. Ndo sababu nasema kazi ishirini kwa kura, sio tisini. Wakufunzi wanne wakigawana, kila mmoja anasoma kumi, ni mchana mmoja. Na kwenye kuchagua vigezo wa muda muwepo, maana ndo mnaofundisha moduli nyingi.

Nimemaliza mwaka jana: Mimi naomba muanzie fildi. Sisi logbuku, daftari la kuandika kazi za kila siku za fildi, tulijaza wiki ya mwisho, wote, bosi kasaini kurasa zote kwa mkupuo, mkaguzi wa chuo kaja dakika kumi kapiga picha kaondoka. Mahali pekee tulipokutana na kazi yenyewe ndo palipimwa kizembe kuliko testi.

Mleta mada: Dogo umegusa penyewe kabisa. Naongeza kwenye pendekezo: kazi moja kati ya zile mbili itoke fildi, mwanachuo alete kitu alichokifanya kwa mikono yake, jina la biashara limefichwa, na aulizwe maswali ya mdomo. Logbuku inaweza kupikwa, maswali ya mdomo kwa mtu ambaye hakufanya kazi hayapikiki.

Mzazi, Tabata: Samahani mwalimu, mimi sio mtaalamu. Binti yangu yupo chuo cha kati mwaka wa pili. Mkimpima hivyo akaonekana hawezi, ada nimeshalipa, anarudia au inakuwaje?

Mleta mada: Shikamoo mama. Hapana, harudii kwa sababu ya hili. Maksi zake zinabaki za mtihani na kozi weki kama kawaida, hiki ni kipimo cha kozi nzima na majina yanafutwa. Anayepimwa hapa ni sisi tunaofundisha. Ila una haki ya kuuliza chuo cha binti yako: kati ya wale mliowachukua kwa kura, wangapi walifika kiwango cha mtu anayeweza kuachiwa kazi peke yake, na mlibadilisha nini baada ya kuona hivyo? Wakikujibu kwa GPA, waulize tena.

Mkuu wa idara, chuo kingine: Nakupinga kwenye kitu kimoja. Ukisema matokeo yasimguse mtu yeyote, mkufunzi mzembe anajificha humo humo miaka kumi.

Mleta mada: Mkuu, mzembe una njia zako za kumshika: haingii darasani, harudishi testi, wanachuo wanalalamika. Hizo zipo tayari na hazitumiki. Ukimtafuta kupitia kazi hizi ishirini utawaharibia na wale kumi waliokuwa tayari kuonyesha wanafunzi wao walipokwama. Mimi ile ya 13,500 nimeiweka hapa hadharani kwa kuwa hakuna atakayeninyima mkataba kwa sababu yake. Nikijua ananinyima, mwaka kesho swali langu litamwambia mwanachuo makato yako wapi, na idara yangu itaonekana imefaulu wote.